Namba Kumi Imekauka?

Mimi ni mfuaji. Andikeni hivyo, msione haya.
Miaka thelathini na moja nimefua jezi za Vinu
kwenye karo la nyuma ya klabu, Chang'ombe,
na mtu humjua kwa uchafu wake
kabla redio haijamsifu.

Kondo Mwinshehe alikuja na madoa ya nyasi
kushoto tu: begani, nyongani, gotini.
Mguu mmoja ulifanya kazi, mwingine uliusindikiza.
Jukwaani wakamwita Cherehani
kwa alivyoshona pasi katikati ya mabeki
na uzi usionekane.
Siku moja pale Karume alimpiga kanzu beki wa Tanga,
akamsubiri ageuke,
akampiga ya pili.
Mzee mmoja akarusha kofia yake uwanjani
na hakurudi kuidai. Ninayo mpaka leo.

Sasa habari ya goti.
Mwaka wa fainali, masika, Jangwani pote maji,
goti limeumuka kama andazi.
Kocha wa wakati ule (simtaji, marehemu hasemwi)
akamwambia, "Dakika ishirini tu, mwanangu. Kisha nakutoa."
Wakamdunga sindano chooni, mimi nimeshika taulo.
Hakumtoa.
Dakika ya themanini na nne nilisikia kutoka benchi
mlio wa kuni inayovunjwa gotini,
ila kilichovunjika ni goti.

Kombe tulichukua.
Jezi ile niliifua mara tatu.
Muhimbili walimpiga kisu mara mbili.
Viongozi walimpelekea machungwa, mara moja.
Alikuwa na miaka ishirini na sita.

Akauza vipuri Gerezani, akanenepa,
akawa hapiti tena njia ya klabu.
Halafu siku moja huyo, na daftari la shule,
lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma,
kalijaza viduara na mishale.
"Nimepata cheti," akasema, kama mtu aliyeiba kitu.

Nikaanza kufua traksuti ya kocha.
Haina nyasi, haina tope.
Ina jasho la kwapani, na maganda ya karanga mifukoni,
yametafunwa pamoja na karanga zenyewe.
Hapo nikajua kazi hii ni nzito kuliko ile.

Miaka tisa ya kukalia makuti makavu.
Mbagala walimfungashia virago kwa simu.
Morogoro walimlipa kwa magunia ya mchele, nusu.
Sisi tulimwita tulipokuwa tunashuka daraja,
kama mtu anavyoukumbuka mwavuli.

Akamtoa Tandika kijana, Mahadhi, mguu wa kushoto.
Sisemi zaidi. Mashuka yanafanana, wafuaji tunajua.

Mechi ya mwisho, sare inatutosha.
Dakika ya sitini na moja kijana akagusa goti,
mara moja, kama anayefukuza nzi.
Hakuna aliyeona.
Namba kumi ikainuliwa.
Uwanja mzima ukamtukania mama,
chupa zikaja, na nyingine hazikuwa na maji.
"Mwalimu, naweza! Dakika ishirini tu!"
Kondo akamvisha koti lake mwenyewe, akafunga zipu mpaka kidevuni.
"Hizo ishirini nazijua," akasema. "Zangu bado hazijaisha."

Tulifungwa dakika ya themanini na nane.
Kikao cha viongozi kilichukua robo saa.
Kijana yuko timu nyingine siku hizi, anakimbia vizuri.
Sijasikia kama amewahi kumpigia simu.

Alhamisi ile Kondo alikuja kurudisha filimbi.
Ofisini hapakuwa na mtu, akapitiliza hadi karoni,
akasimama anaangalia kamba.
"Namba kumi imekauka?"
Nikamwambia, bado kwenye pindo.
Akaianua, akaikamua kwa mikono miwili,
polepole, kama anaogopa kuiumiza,
akaianika upya upande wenye jua.
Filimbi akaisahau juu ya sabuni.